Makofi Niliyopiga Kwenye Kochi la Verona

Jumatatu, 30 Novemba 1964

Haya, umerudi. Huna hata haya! Tangu wiki ya kuchachusha kabichi hujaligusa daftari hili, Zuzana Hrabchak, wino umegandia kwenye kalamu. Ludka alikufundisha herufi ukiwa na miaka sitini, ukilia machozi kwenye meza hii hii ya jikoni, ukaapa utaandika kila Jumapili. Jumapili ngapi zimepita? Sasa unakuja mbio kwa sababu umefanya ujinga na huna wa kumwambia. Wa kumwambia siku zote ni Verona, jirani yako. Na ujinga wenyewe umemfanyia Verona.

Kaa chini. Andika.

Jana kulikuwa na mechi ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa helmeti. Timu yetu ilikwenda Ohio kucheza na timu ya Tadek. Tadek Kuzniar ni mchumba wa Ludka, mjukuu wangu. Harusi tarehe tisa Januari. Ni beki. Magazeti yanamwita Mwereka wa Ohio na yanamchora na meno ya mbwa, wakati meno yake manne ya mbele anayavua kabla ya mechi na kuyafunga kwenye leso! Sasa mrushaji wa timu yetu ni Jerry Sabol, mjukuu wa Verona, nimempaka mimi mafuta ya bata kifuani alipokuwa na kikohozi. Kazi ya mrushaji ni kurusha mpira. Kazi ya beki ni kumfanya ajute kuushika.

Verona ana televisheni, Jerry alimnunulia. Tukakaa kochi moja kama kawaida. Mapatano yetu ya siku nyingi: yeye anamwombea Jerry, mimi namwombea Tadek, na hakuna wa kumwombea wa mwenzake mabaya. Kipindi cha mwisho, kioo kimejaa theluji, sijui ya Ohio au ya televisheni. Mimi naitafuta namba ya Tadek tu. Arobaini na mbili. Nikamwona anatoka nyuma kabisa, anakuja, anakuja, mkono ameukunja kama mpini wa shoka — halafu BU! Helmeti ikaenda huku, mwenye helmeti akaenda kule.

Nikasimama. Nikapiga makofi! Nikasema, huyo ndiye mwanangu, mlaze!

Aliyelala alikuwa Jerry.

Refa hakurusha hata kitambaa cha kosa. Ilikuwa halali. Marehemu mume wangu alicheza timu ya kiwanda cha chuma bila kitu kichwani ila kofia ya ngozi, pua yake ilitazama kanisani hata akiwa anakwenda baa, na yeye pia angesema ni halali. Lakini taya la Jerry limevunjika mahali pawili. Wameyafunga meno yake kwa nyaya, juu na chini, wiki sita.

Verona hakulia. Hakunitukana. Alizima televisheni, akaniletea koti langu.

Miaka hamsini na mitano tangu tushuke meli moja. Hajawahi kuniletea koti.

Jumanne, 1 Desemba

Nimeoka mkate wa njugu za jozi, ule mnene, wenye asali. Nimempelekea. Ameupokea mlangoni, ameniambia asante Bibi Hrabchak. Bibi Hrabchak! Kama mimi ni mke wa mwenye nyumba!

Nimefika kwangu, nimechungulia dirishani. Alikuwa uani anamlisha mbwa wa jirani. Kipande kwa kipande. Anamkatia vizuri kwa kisu.

Mbwa alikula wote. Angalau mmoja mtaa huu bado ananipenda.

Ijumaa, 4 Desemba

Leo ni siku ya pirohi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani. Ukumbi wa chini ya kanisa, wanawake ishirini, viazi magunia mawili. Verona kwenye meza ya kukata unga kama kawaida, kwa sababu hakuna anayethubutu kumwambia unga wake mnene. Mimi meza ya kubana kingo. Kelele tele nilipokuwa kwenye ngazi, nilipoingia — kimya. Unasikia viazi vikichemka.

Sasa niandike jambo hili wazi, maana ndilo linalonikosesha usingizi. Hapa kwetu harusi ni meza ya biskuti. Keki ni ya kupigia picha tu. Watu wanaingia ukumbini, hawamtazami bibi harusi, wanaitazama meza: aina ngapi, imejaa mpaka ukingo au shuka la meza linaonekana. Wanawake wa parokia ndio wanaooka. Na huombi! Ukiomba umetangaza kwamba hupendwi. Unakaa kimya kama umesahau una harusi, na wao wanakuja mmoja mmoja, mimi dazani kumi za aprikoti kavu, mimi dazani nane za jozi. Anaanza Verona, wengine wanafuata. Kwa miaka thelathini hivyo ndivyo ilivyo.

Verona hajaanza.

Nilitaja Januari. Nilisema tu, Januari hii itakuwa na baridi. Basi. Verona akasema bila kuinua macho, ndiyo, na baridi hiyo huwa inaniumiza mikono, Januari siwezi hata kushika kijiko. Helen Duzik hapo hapo akasema yeye Januari huwa mgongo. Pavlina Kopko akasema daktari kamkataza oveni. Kamkataza oveni! Mwanamke anaoka hata akiwa na homa! Zikafuata figo, miguu, mpaka yule mke wa mwimbishaji wa kanisa, ana miaka ishirini na minne, akasema yeye atakuwa anaumwa macho.

Ukumbi mzima utakuwa mgonjwa tarehe tisa Januari.

Ludka akaniuliza niliporudi, Bibi, wamesema nini? Nikamwambia wamesema wataoka mpaka meza ivunjike miguu. Mungu anisamehe. Mtoto alitabasamu akaenda kujaribu gauni.

Jumatatu, 7 Desemba

Tadek amekuja. Jumatatu ndiyo siku yao ya mapumziko, kama inaweza kuitwa mapumziko: sikio la kushoto limevimba kama pirohi, na kidole cha pete, kile kilichovunjika mara tatu, kimepinda kuelekea mlangoni. Pete haitapita pale, itabidi sabuni. Jitu la ratili mia mbili na thelathini, limekaa jikoni kwangu limeshika kofia kwa mikono miwili.

Nikamwambia nenda kwa Jerry, anauguzwa kwa bibi yake. Akasema, Bibi, kwa Jerry naenda, kwa Jerry siogopi. Nimegongana na watu wanaovunja milango kwa vichwa. Lakini yule Bibi Verona...

Nikamwambia usiwe mwoga, nenda. Nikasimama dirishani.

Kwanza Verona alitoka na ufagio. Hakumpiga. Alianza kufagia baraza kuanzia kwenye viatu vyake, na yeye akarudi nyuma, akarudi nyuma, ngazi moja, ngazi mbili, mpaka barabarani. Gazeti likamwite Mwereka sasa! Halafu dirisha la juu likafunguliwa, Jerry akatoa kichwa, uso wa zambarau, akasema kitu kupitia meno yaliyofungwa, kama mtu anayesemea ndani ya debe. Tadek akapita mlango wa nyuma.

Wamekaa saa mbili. Amerudi anacheka. Nikamuuliza, mmesema nini? Akasema, Bibi, Jerry anasema lilikuwa pigo zuri. Anasema alishusha bega upande usiofaa, kosa lake, mwakani atanikwepa. Tukaonyeshana makovu. Ameniomba nimwachie nafasi ya kusimama upande wa bwana harusi.

Hebu tazama! Aliyevunja na aliyevunjwa wamemaliza mambo wakicheka juu ya kitanda. Sisi vibibi wawili ambao hatujagusa mpira tangu tuzaliwe ndio hatusalimiani.

Jumatano, 16 Desemba

Ligi imekwisha. Tadek amepata kibarua cha kupakua mapipa ya bia mpaka Pasaka, kama kila mwaka, na analala kwa mjomba wake ng'ambo ya mto. Kila jioni yuko hapa. Anapasua jozi kwa mkono mtupu, mbili mbili, na mimi nasema usinivunjie punje!

Ananiambia Jerry anakwisha. Ratili ishirini zimepotea. Nikauliza Verona anampa nini? Supu. Supu gani? Ya kuku. Imechujwa? Tadek akanionyesha gumba lake: karoti.

Nikajua. Verona hachuji. Hajawahi kuchuja kitu maisha yake yote, kwake supu bila vipande ni maji ya kuoshea sufuria. Na mtoto anavuta kwa mrija! Karoti inaziba, anavuta mpaka macho yanatoka, halafu anasema ameshiba.

Nimechemsha mifupa tangu asubuhi. Nimeponda viazi, dengu, vitunguu vilivyokaangwa na siagi, maziwa ya mgando, nimepitisha kwenye kitambaa cha chachi mara tatu mpaka ikawa laini kama hariri. Nimeijaza kwenye kopo la maziwa. Tadek amelibeba chini ya koti kwa njia ya nyuma ya nyumba, ameinama, kama mwizi wa kuku. Jerry kamaliza lote. Kasema kwenye debe lake: kesho tena.

Leo nitalala vizuri. Mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumapili, 20 Desemba

Tumekamatwa.

Ni Tadek. Alisahau kopo chini ya kitanda. Kopo langu lina tundu la msumari kwenye mfuniko, Verona analijua, tumechumia matunda nalo tangu watoto wetu wakiwa wadogo.

Baada ya misa akanisubiri kwenye uzio. Theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya supu. Nilikuwa na majibu yangu tayari! Karoti zako, Verona, ukubwa wa gumba!

Hakusema neno juu ya supu.

Akasema, Zuza, unadhani nimemkasirikia yule mvulana? Yule analipwa kugonga. Jerry wangu analipwa kugongwa. Akivunjwa nitamlilia, ndiyo kazi, marehemu wangu na wako walirudi kutoka kiwandani hivyo hivyo na hatukumnunia msimamizi. Yeye hakunivunjia kitu. Wewe ulipiga makofi. Kwenye kochi langu.

Nikasema, Verona, nilikuwa sijaona ni nani. Ningejua ni Jerry —

Akasema, ungejua ungepiga polepole?

Nikafungua mdomo. Mdomo huu ambao haujawahi kukosa la kusema, uliomjibu padri, uliomjibu mwenye kiwanda! Haukutoa kitu. Nilisimama tu pale natoa mvuke kama birika. Akangoja. Kweli alingoja, nimemwona akingoja. Halafu akavuta mtandio wake akaingia ndani.

Si kwamba siijui samahani. Naiandika hapa: samahani. Umeona? Herufi nane, haziniumi. Mkono unaweza. Ni mdomo.

Alhamisi, 24 Desemba

Mkesha wa Noeli. Mikate myembamba ya kanisa, kama hostia, na asali, kama kawaida. Nimemchora Ludka msalaba wa asali kwenye paji la uso, na Tadek, ilibidi apige magoti ndio nimfikie. Kila mwaka wa kwangu huchorwa na Verona na wake huchorwa na mimi.

Ludka akasema, njoo nikuchore mimi, Bibi. Akanichora. Asali ikaniteremkia kwenye nyusi. Verona hupaka kidogo.

Jumatano, 6 Januari 1965

Zimebaki siku tatu! Hakuna aliyekuja. Si Helen, si Pavlina, si yule msichana mwenye macho ya Januari.

Leo Ludka amejua. Alikwenda duka la mkate, mwenye duka akamuuliza kwa huruma anataka boksi ngapi za biskuti. Boksi! Za dukani! Amerudi mweupe kama unga. Akasema, Bibi, tuachane na meza. Tuweke keki na ham, tuseme ndiyo mtindo wa kisasa. Sitaki watu wakutazame.

Wakutazame, amesema. Anaona aibu kwa ajili yangu, si yake. Ningalimpiga kijiko nikambusu.

Nikasema, meza itakuwepo. Vaa aproni.

Tumeoka tangu mchana, watatu. Tadek nimempa kazi ya kusukuma unga. Vidole vyake kila kimoja kinatazama upande wake, lakini unga umetii! Shida ni kwamba hajui nguvu zake, alisukuma mpaka mti wa kusukumia ukavunjika katikati. Akasimama na vipande viwili, anaona haya, akasema, Bibi, nisamehe.

Hivyo tu. Kama anavyosema nipe chumvi. Nikamuuliza, wewe unaisemaje kirahisi hivyo? Akasema, Bibi, mimi kila Jumapili namwangusha mtu. Halafu namnyooshea mkono kumwinua, namuuliza u mzima? Mtu anazoea. Akaniuliza, kwani wewe unafanyaje?

Nikamwambia aende akalete makaa.

Tumepata dazani thelathini, aina tatu. Ukumbi wa watu mia mbili na hamsini. Shuka litaonekana mpaka kule.

Ijumaa, 8 Januari

Ninaandika nimesimama, daftari juu ya pipa la unga. Niko stoo. Nimewaambia nakuja kuchukua siagi. Siagi iko mezani, wote wanaiona.

Upesi basi.

Asubuhi hii daktari amekata nyaya za Jerry. Verona alikuwa ametangaza tangu Desemba, kwa sauti, kanisani, sokoni, kwamba kitu cha kwanza kitakachopita kwenye meno ya mjukuu wake ni mkate wa jozi wa Verona Sabol. Sawa. Haki yake. Nami nilikata wangu nikauweka mezani kwa ajili ya Tadek, sikuwa na nia mbaya, naapa.

Saa nne mlango ukafunguka, Jerry huyo! Taya jembamba, kola imemkaa kama ya mtu mwingine. Kumbe hakwenda kwao. Ametoka kwa daktari moja kwa moja mpaka jikoni kwangu. Akasema, kwa mdomo unaofunguka kidole kimoja tu, Bibi Zuza, supu yako imeniweka hai, nimekuja kutafuna. Akavuta kiti. Tadek akampiga bega, taratibu, kama anayegusa yai.

Sikupata hata kumjibu. Nyuma yake Verona. Bila koti! Katika theluji hii, na viatu vya ndani, sahani ya mkate wake ameishika kifuani kwa mikono miwili. Alimwona kutoka dirishani kwake anapita mlango wao. Amekimbia. Miaka sabini na mitatu, amekimbia barabara nzima.

Hakunisalimia. Aliweka sahani mbele ya Jerry. Sasa zikawa mbili, yake na yangu, mkate ule ule, jozi zile zile, tulifundishwa na mwanamke mmoja kwenye meli ile. Verona akasimama kulia kwake, mimi nimesimama kushoto. Ludka ameshika mdomo. Jerry, ambaye amesimama mbele ya mabeki saba wanaotaka roho yake na hakupepesa jicho, alitazama sahani hii, akatazama ile, jasho likamtoka. Akamtazama Tadek amsaidie. Tadek akaanza kuhesabu mbao za dari!

Ndipo nikatazama nje nisimtazame Verona, na nikawaona. Helen Duzik kwenye njia, na sinia lililofunikwa kitambaa. Pavlina Kopko na maboksi ya viatu matano yamepandana mpaka kidevuni. Yule mke wa mwimbishaji, na wengine nyuma yake, mstari mpaka kwenye nguzo ya taa, kila mmoja amebeba kitu, theluji inaanguka juu ya vitambaa. Wameoka! Wote, migongo yao na figo zao, wameoka kimya kimya na kuficha. Ila hawaingii. Wamesimama wanamtazama Verona kupitia dirisha. Nani atatangulia kuingia kabla ya Verona kukaa? Na Verona hajakaa. Viti viwili viko wazi, amesimama, viatu vyake vinadondosha maji kwenye sakafu yangu.

Basi nikasema siagi. Nikachukua sahani yangu. Nikaja nayo huku.

Iko hapa rafuni. Mezani imebaki ya Verona peke yake. Kula, mwanangu, kula cha bibi yako.

Nilidhani hilo litatosha. Nilidhani ataelewa na mdomo wangu utapona.

Ninasikiliza mlangoni. Sasa kiti kimeburutwa — sijui ni kiti cha nani. Sasa ni yeye, sauti yake: Zuza! Umeipeleka wapi sahani yako? Kuna watu wanaganda huko nje!

Zuza, amesema. Si Bibi Hrabchak.

Haitoshi. Anangoja tena. Najua anavyongoja, nilimwona kwenye uzio. Nimeshika mlango. Neno ninalo, nimelisema mara mbili kwa pipa la unga na limetoka.

Sikiliza, Zuzana. Utakapofungua daftari hili tena, usianze na gauni, wala muziki, wala nani alilewa akaanguka kwenye ngazi za kanisa. Mstari wa kwanza kabisa, andika kama ulilisema. Na kama hukulisema, uandike hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, halafu uvae koti uende kwa Verona.